Mtoto Asiyeogeshwa

Nilizaliwa mchafu na nikakaa mchafu zaidi ya wiki nzima. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza niliyowahi kusimuliwa kunihusu, na msimulizi alikuwa bibi yangu mzaa baba, ambaye hakuisahau wala kuisamehe. Kila mgeni aliyekanyaga boma letu kule Birongo alipewa kikombe cha chai na hadithi hiyo: kwamba mkaza mwanawe alipojifungua alimbandika mtoto kifuani, akajifunga shuka juu yake, akakataa katakata mtoto atiwe maji hadi kitovu kidondoke. "Alikuwa akinuka huyu," bibi alisema akininyooshea kidole, nami nikiwa nimesimama pale na sare yangu ya shule iliyopigwa pasi. Wageni walicheka, nami nilicheka kuwashinda. Mama hakucheka. Alikuwa na mboga za kuchambua siku zote hadithi ile ilipoanza.

Bibi alikuwa na lalamiko la pili, ambalo hakulitoa mbele ya wageni. Ndugu zangu wa kiume walipozaliwa, mmoja baada ya mwingine, mama hakukubali hata mmoja apewe jina la marehemu babu. Kwetu Kisii hilo si jambo dogo. Mzee akienda, jina lake linangojewa lirudi na mjukuu, na mjukuu huyo hubembelezwa hata akiwa mtundu wa kutupwa. Mama alitoa majina ya wajomba, ya babake mwenyewe, na moja alilitoa kwenye Biblia, lakini la babu alilipita kama mtu anayekwepa dimbwi njiani. Baba hakumlazimisha. Sisi watoto tuliona ni ugomvi wa kawaida wa mke na mamamkwe, tukaenda zetu kucheza.

Tulikuwa watoto watano na mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Cheo hicho nilikivaa vizuri. Niligawa kazi, niligawa mihogo, niligawa na makofi pia. Ndugu zangu hadi leo husema kwamba sikuwa na haja ya kusomea udaktari ili niwaamrishe watu, maana nilikuwa nimeanza zamani.

Udaktari niliusomea hata hivyo, wa watoto, na baada ya miaka mingi Nairobi nikarudi nyumbani kuongoza utafiti. Tulitaka kujua mtoto mchanga hupitia nini siku zake za kwanza nyumbani, baada ya mama kutoka hospitali au kujifungulia kwake: anafunikwa na nini, ananyonya lini, anaogeshwa lini, anashikwa na nani. Tulipita vilima vya Kisii na Nyamira, kutoka soko la Nyamache hadi kwenye mashamba ya chai ambako nyumba inayofuata huonekana karibu, lakini kuifikia ni kushuka bonde zima na kulipanda tena. Kila alasiri mvua ilinyesha. Viatu vyangu vya Nairobi havikumaliza mwezi.

Nilikuwa nimepanga nyumba mjini Kisii, lakini mara nyingi nililala kwa mama. Baba na bibi walikuwa wameshatutoka. Mama alikuwa amebaki na kuku wake, migomba yake na miguu iliyoanza kuvimba. Naukumbuka mwaka ule kwa harufu: ugali wa wimbi, yaani ulezi, ukisongwa jikoni, moshi wa kuni mbichi, chinsaga ikichemshwa kwa maziwa, mboga chungu ambayo kwetu mzazi hulishwa ili damu irudi. Mama alinipikia hiyo ingawa mimi nilikuwa nimezaa zamani. "Kula," alisema. "Hata kuandikaandika kunamaliza damu." Hayupo tena sasa, na nikipita sokoni nikaona mafungu ya chinsaga yamepangwa chini kwenye gunia, huwa nanunua hata kama sina nia ya kupika.

Kabla ya kuanza kuuliza maswali tulikwenda kujitambulisha. Mkutano wa Birongo ulifanyika uwanjani mwa kanisa, siku ya Alhamisi, kina bibi wakiwa wamekaa nyasini na leso zao mapajani. Tuliwaalika wao kwa sababu huku mtoto mchanga ni wa bibi kwanza. Mama humzaa, lakini anayempokea, anayemkagua na kuamua aogeshwe saa ngapi ni bibi. Niliona hapa ni nyumbani, sina haja ya kuzungukazunguka. Nikawaambia kwamba mtoto akitoka tumboni ameshazoea joto, akitiwa maji siku hiyohiyo anapoteza joto, na yule mdogo aliyekuja kabla ya wakati hawezi kulirudisha. Hadi hapo nilisema kweli. Kisha nikaona mmoja anapiga miayo, hasira zangu zikapanda. "Mnawaogesha watoto wangali wabichi," nikasema. "Mnawaua kwa mikono yenu wenyewe."

Hakuna aliyepiga miayo tena. Nikafurahi kwamba ujumbe umefika.

Mkono mmoja uliinuka kutoka nyuma. Alikuwa mama. "Na kama aliogeshwa mara moja tu?" akauliza. Nilidhani ananisaidia kuuchangamsha mkutano, maana hakuwa mtu wa kuuliza mbele za watu. Nikamjibu nikitabasamu: "Mara moja inatosha, mama."

Akashusha mkono. Mimi nikaendelea na habari za kunyonyesha.

Wiki iliyofuata nilitaka kuijaribu fomu yetu kabla ya kuipeleka vijijini, nikaijaribu kwake. Alikuwa kibarazani akipukuchua maharagwe. Nikakaa mbele yake na penseli.

"Umezaa watoto wangapi?"

"Unaniuliza wewe? Huwajui ndugu zako?"

"Mama, lazima niulize ilivyoandikwa."

"Watano. Andika watano."

Nikaandika watano. Nikauliza kama wote wako hai, akasema nisimletee uchuro. Nikafika kwenye swali la mtoto wa kwanza na saa aliyoogeshwa, nikaanza kucheka hata kabla ya kulimaliza, kwa sababu jibu nililijua, lilikuwa hadithi yangu mwenyewe. Mama akainuka akasema sufuria inaungua. Sikusikia harufu ya kitu chochote kuungua. Nikaandika "hakujibu", nikajua anaukwepa ule utani wa bibi, nikaiweka fomu kwenye begi.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa la kazi. Nililifanya nikiwa na shahada zangu zote. Nilichagua wahojaji watu wazima: wauguzi wa makamo, walimu wastaafu, wanawake wa umri wangu, wenye adabu na sauti ya chini. Niliona bibi mzee ataheshimika akihojiwa na mtu mzima. Wakaenda. Fomu zikarudi safi ajabu. Watoto wote walizaliwa salama, wakaogeshwa ilivyotakiwa, wakanyonya vizuri, wakakua. Mwenzangu kazini, muuguzi kutoka kaunti za ziwani aliyekuwa nami tangu siku ya kwanza, alipekua lundo zima mezani akavua miwani.

"Daktari," akasema, "watu wenu hawafiwi?"

Nikawageukia wahojaji. Niliwaambia maneno ambayo leo nisingemwambia mtu: kwamba wanakaa kwenye vibanda vya chai na kujijazia fomu. Mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa na umri wa kunizaa kama angeanza mapema, alichukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga. Nilikwenda kumwomba radhi baadaye, naye alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Jioni ile nilimlalamikia mama tukiwa jikoni. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nani aliwachagua hao?"

"Mimi."

"Na wewe ni mtoto wa nani? Mtu wa umri wa binti yangu anaingia kwangu, anakaa kwenye kiti, ananiuliza nilijifunguaje. Nimvulie na nguo?"

Nilikuwa nimekamatwa. Kwetu kuna chinsoni, ile haya inayosimama kati ya mzazi na mtoto wake, na kati ya mzazi na wote wa rika la mtoto wake. Mambo ya mwili na ya uzazi hayavuki pale. Nimelelewa nalo jambo hilo tangu sijajua kusoma. Lakini bibi na mjukuu hawana haya. Mjukuu humtania bibi hadharani, humwita mke mwenza, humuuliza lolote, na bibi hujibu lolote na kuongeza chumvi. Mgeni kutoka mbali angeweza kukosea mara moja akasahihishwa. Mimi nilikuwa nimelijua jibu maisha yangu yote, nikaliacha nyumbani kwa kuona kwamba kazi ni kazi.

"Tuma wajukuu," mama akasema, akanisukumia sahani.

Tukatafuta wasichana wadogo waliomaliza shule, wenye miguu ya kupanda vilima na masikio ya kusikiliza. Mmoja wao alikuwa binti yangu mwenyewe. Alikuwa likizo ya chuo kikuu, mtoto wa Nairobi kabisa, Ekegusii, lugha yetu, chake kikiwa cha kuokoteza. Niliwafundisha siku nne pale mjini. Siku nzima ya mwisho niliitumia kwa jambo moja: usiri. Fomu haina jina, ina namba. Utakachoambiwa hukisemi kwa mumeo, wala kwa pasta, wala kwa mamako. Nilisema hivyo hasa, "wala kwa mamako", na binti yangu akaandika kwenye daftari.

Kisha nikawataka kila mmoja afanye zoezi kwa bibi anayemfahamu. Binti yangu akamchagua wake.

Waliingia jikoni baada ya chakula cha mchana, mimi nikatimuliwa. Nilikaa chini ya ukingo wa paa nikisoma, na mwanzoni nilisikia vicheko tu, na mama akijikongoja kwa Kiswahili kwa ajili ya mjukuu aliyemwita magokoro, yaani bibi.

"Magokoro, hii swali nayo isikukasirishe, sawa?"

"Wewe nauliza mimi kama polisi. Uliza tu, mke mwenzangu."

"Haya. Babu alikukatia aje, mpaka ukakubali?"

"Hiyo iko kwa karatasi?"

"Hapana, hiyo ni yangu."

Bibi na mjukuu wakaangua kicheko. Nilitabasamu pale nje na kuona wivu kidogo, nakiri, kwa sababu sikuwahi kumsikia mama akicheka hivyo na mimi. Baadaye vicheko vikaisha. Mvua ikaanza, ikapiga mabati, sikusikia neno tena. Walikaa humo mpaka mvua ikapita.

Binti yangu alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama ni moshi.

"Si moshi," akasema.

"Amekwambia nini?"

"Mum, ulisema ni siri. Ama ni siri ya watu wengine tu?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa amefuzu mafunzo yangu kuliko mimi.

Fomu zote za mazoezi zilikuja mezani kwangu ofisini, chumba cha juu katika jengo la maduka mjini Kisii, ili nikague kama wasichana wanajaza sawasawa. Zilikuwa na namba bila majina, na nilizichanganya kwa makusudi. Ya nne au ya tano niliyoifungua ilianza hivi: mimba sita. Wa kwanza, mvulana. Alikuja wakati mimba haijatimiza miezi minane. Mvua ilikuwa kubwa. Mama alikuwa peke yake nyumbani, mume kazini mbali, mamamkwe amekwenda matangani upande wa Nyamache. Moto ulikuwa umezimika. Mtoto alilia kidogo. Mama aliona haya mamamkwe atamkuta na uchafu wa uzazi, aseme mwanawe ameoa mvivu, kwa hiyo alimwogesha na maji ya mtungi. Mtoto akawa baridi, hakupata joto tena. Alifariki kesho yake asubuhi. Alizikwa nyuma ya migomba. Hakupewa jina, na baada ya hapo hakutajwa tena nyumbani.

Wa pili, msichana. Hakuogeshwa hadi kitovu kilipodondoka. Mamamkwe alinuna.

Niliisoma sentensi hiyo ya msichana mara nyingi. Fomu haikuwa na jina, lakini ilikuwa na mimi ndani yake. Utani wote wa utotoni mwangu, vicheko vyote vya wageni, mama akiwa ameinamia mboga. Hakuwa mama mwoga asiyejua kazi. Alikuwa ameshapoteza mmoja na hakuwa tayari kumpoteza wa pili, na hakumweleza mtu sababu, akakubali kuchekwa miaka yote hiyo.

Chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo mengine, kulikuwa na mwandiko wa haraka wa binti yangu: "Anasema daktari alisema mara moja inatosha."

Nililia pale mezani. Muuguzi mwenzangu aliingia na chai, akaiona hali yangu, akaiona fomu, akaweka kikombe na kutoka akiufunga mlango taratibu. Hakuniuliza, na mimi nisingemwambia.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mwizi nyumbani kwetu. Nilimtazama mama akimwaga mahindi kwa kuku, nikijua, naye hajui kwamba najua. Ningemwambia nini? Kwamba nimesoma siri aliyompa mjukuu? Ningemharibia binti yangu ahadi yake ya kwanza ya kazi. Na hata siri ingekuwa haipo, chinsoni ilikuwepo. Alikuwa na njia ya kumwambia mjukuu, hakuwa na njia ya kuniambia mimi. Na juu ya hayo yote, niliogopa. Miguu yake ilikuwa inavimba hadi magotini, alipumua kwa shida akipanda kutoka mtoni, na kama daktari nilijua maana yake. Nilijua kwamba mama ataondoka akiamini kwamba alimuua mwanawe, na kwamba bintiye daktari ndiye aliyemthibitishia mbele ya watu.

Jambo moja nililikataa: kumdanganya. Angenijua mara moja. Kwa hiyo nilikaa nikamfikiria yule mtoto kama ninavyomfikiria mgonjwa yeyote. Kabla ya miezi minane, mdogo, alilia kidogo. Miaka ile, kilima kile, barabara imekatika na mvua, hospitali ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo kupumua haipo. Maji yalimwongezea baridi, hilo sitalificha. Lakini kilio kile kidogo nakijua, nimekisikia wodini kwa watoto waliozungukwa na mashine na bado tukawapoteza. Mapafu yake hayakuwa tayari. Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta mahali ninapojipendelea, na kila mara nilifika palepale.

Wasichana walifanya kazi nzuri. Fomu zilizorudi sasa zilikuwa nzito, zina watoto ambao hawakuwahi kuhesabiwa popote, na karibu kila kijiji kulikuwa na bibi aliyesema ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Utafiti wetu ulisimama juu ya masikio ya wajukuu. Ilipofika zamu ya kuwarudishia watu wa Birongo majibu, tulikutana tena uwanjani mwa kanisa. Nilimwomba mama abaki nyumbani kwa ajili ya miguu. Akachukua fimbo yake na kunitangulia njiani.

Nilikuwa na hotuba iliyochapishwa. Niliisoma mistari miwili nikaiweka chini.

"Mara ya kwanza niliposimama hapa," nikasema kwa Ekegusii, "nilisema mnaua watoto kwa mikono yenu. Nilikosea, na naomba mnisamehe. Mliwaogesha kwa sababu mlifundishwa kwamba mtoto anayependwa ni mtoto safi. Mikono ile ilikuwa ya upendo."

 Nikaendelea. Nikawaambia kwamba bado nasema tusimwogeshe mtoto siku ya kwanza, ni kweli na wawafundishe wakaza wana wao. Lakini yule wa zamani aliyekuja kabla ya wakati, akalia kidogo na akaondoka, asilaumiwe mtu. Alikuja na mapafu ambayo hayajakomaa. Angeweza kufunikwa na mablanketi ya Birongo nzima na bado aondoke. Mimi mwenyewe kama ningekuwepo siku ile, na vitabu vyangu vyote, bila mashine za leo ningemshika tu, kama mamake alivyomshika. Sikuangalia upande wa mama niliposema hayo. Niliangalia mti wa parachichi ulio kwenye ua wa pasta.

"Na jambo la mwisho," nikasema. "Wengi mnajua kwamba mimi sikuogeshwa."

Hapo wakacheka. Bibi mmoja akapiga kelele kwamba alikuwepo na nilikuwa nanuka kweli.

"Nimesoma miaka mingi, nimekuja na gari na fomu kuwaambia jambo ambalo mama yangu alilijua akiwa msichana, bila kufundishwa na daktari yeyote. Mlimcheka na mimi nikamcheka. Kumbe ndiye aliyekuwa sahihi kilimani hapa. Sijui alijulia wapi."

Nilisema sijui. Huo ndio uongo pekee nilioutoa siku ile. Wanawake waligeuka kumtazama mama, wengine wakampigia makofi. Yeye alikuwa ameinamia mikono yake, ameitandaza juu ya leso, anaigeuza upande huu na upande ule.

Tulirudi nyumbani polepole, tukisimama kila alipotaka kupumua. Alizungumzia parachichi za pasta kwamba mwaka huu ni ndogo. Alizungumzia jirani aliyechuma chai yake vibaya. Chakula kilipoiva akala kidogo, akaenda kulala mapema. Nilidhani nimeshindwa.

Asubuhi alinikuta kibarazani na uji wa wimbi. Akakaa kwa shida kwenye kiti chake, akapukusa vumbi lisilokuwepo kwenye rinda.

"Ile karatasi yangu," akasema. "Ile uliyoniuliza wewe. Iko wapi?"

Ilikuwa bado kwenye begi, kwa sababu fomu ya majaribio haikuhesabiwa. Nikaitoa ikiwa imekunjamana.

"Uliandika wangapi?"

"Watano."

"Futa."

Nikafuta kwa kifutio cha penseli ya binti yangu. Nilisugua kwa nguvu na karatasi ikachanika kidogo pembeni.

"Andika sita."

Nikaandika sita. Alinitazama muda mrefu, na nikaona kwamba anajua kuwa najua, na kwamba amelivuka lile jambo lililosimama kati yetu kwa miguu yake ile mibovu, akaja upande wangu.

"Wewe si wa kwanza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi uache kuwaringia ndugu zako."

Nikacheka na machozi yakanitoka pamoja. Akaningoja nimalize. Kisha akasema niandike na jina. Nikamwambia fomu yetu haina mahali pa jina, tumeitengeneza hivyo.  Alinyoosha shingo akatazama migomba, upande ule wa nyuma ambako sisi watoto tulikatazwa kuchimba, akataja jina la babu, lile alilowapita nalo ndugu zangu wote.

Nikaigeuza karatasi nikaliandika nyuma, kwa herufi kubwa.

"Soma," akasema.

Nikamsomea.

"Soma tena."